Siku Niliyomzika Kondo Akiwa Anakula Karanga

Jamani, wapo watu kule Ntalikwa ambao mpaka leo wakiniona sokoni wanavua kofia, wanainamisha kichwa, wananiambia "pole na msiba," halafu wanacheka mpaka wanashikilia meza ya nyanya wasianguke, na mimi nawaacha wamalize kwa sababu aibu ile hakuna aliyeniletea, niliifuata mwenyewe, tena kwa pikipiki ya kukodi. Sasa kabla hamjaisikia kwa mke wangu Pili, ambaye kila akiisimulia ananiongezea kipande (kwenye masimulizi yake ya karibuni nimevuliwa mpaka suruali, uongo mtupu, ulichanika upindo tu), acheni niwasimulie mimi niliyeaibika.

Kwanza mjue kwamba mimi si mtu wa kutoka. Nashona mashuka na foronya hapa hapa nyumbani, Tabora mjini, cherehani iko sebuleni, televisheni iko mbele ya cherehani, choo kiko uani, sasa nitoke niende wapi? Pili anasema siku nikifa hawatahangaika kunibeba, watanifunika na kochi langu tuzikwe pamoja kwa sababu kututenganisha itakuwa kazi ya seremala. Hana adabu yule mwanamke, lakini hapo hakukosea sana.

Basi ikaja ile tamthilia. Nadhani hata ninyi mliiona, ile ya maisha ya bendi ya Asali Mbichi, vijana wanne wa hapa hapa kwetu waliopanda treni kwenda Dar es Salaam na gitaa moja, na sisi tuliokuwa sekondari wakati ule tukanyoa kama wao, tukavaa suruali pana kama wao, na wengine (simtaji mtu, ila anashona foronya) wakaandika jina la bendi kwenye shati la shule kwa wino usiotoka. Na wimbo wao mkubwa si mnaujua, "Shukia Usoke." Wimbo wenyewe hauanzi na ngoma wala gitaa, unaanza na honi ya treni: inatokea mbali, chini kabisa, inapanda taratibu, inajaa chumba kizima, halafu mwishoni inakatika kidogo kama mtu aliyekabwa na kilio. Hakuna harusi iliyofungwa Tabora bila honi ile. Ikilia tu, hata bibi mwenye magoti mabovu utamwona anatafuta viatu.

Tamthilia ilikuwa kila Jumapili jioni, na kila ikiisha tulihamia kwenye simu, kwenye kundi letu la maoni ya watazamaji, linaloongozwa na Mama Zuwena, muuza vitumbua wa mtaa wetu, mwanamke ambaye angekuwa mwongozaji wa filamu nchi hii tungekuwa mbali. Maoni gani hayakutolewa mule? Kwamba mwigizaji wa kiongozi wa bendi analitamka jina la Tabora kama mtu anayetafuna maandazi ya moto. Kwamba wigi la mama mwenye nyumba liligeuka nyuma mbele katikati ya ugomvi na hakuna aliyemwambia. Kwamba treni waliyopanda vijana wale ni ya juzi juzi, ya umeme, wakati sisi tunakumbuka walivyoondoka na lile garimoshi lililokuwa likipumzika kila penye kivuli. Yaani tulichambua mpaka viatu. Mimi ndiye niliyekuwa mwingi wa maoni kuliko wote, kwa sababu mkono mmoja unasukuma shuka kwenye sindano na wa pili uko huru.

Lakini mambo yaliyotusumbua kweli, ambayo mimi binafsi yalinikosesha hata utulivu wa kupima foronya, yalikuwa mawili. La kwanza: yule wa nne amekwenda wapi? Maana bendi ilikuwa ya watu wanne, na wa nne alikuwa Kondo, na huyo Kondo wa kwenye tamthilia walimwonyesha sehemu za mwanzo, akakohoa, sehemu iliyofuata akakohoa tena akishikilia ukuta wa studio, halafu akapanda treni kurudi Tabora, basi, hatukumwona tena. Na ninyi mnazijua tamthilia zetu, mtu akikohoa mara mbili sanda imeshakatwa. La pili: ile honi, ni nani aliyeifanya? Mama Zuwena akasema ni treni ya kweli, walikwenda stesheni na mashine ya kurekodi. Mimi nikasema ni kinanda, na nikasema kwa ujasiri wa mtu aliyewahi kugusa kinanda mara moja kanisani kwa jirani. Wengine wakasema wanasikia zamani kulikuwa na maneno kwamba ni mdomo wa mtu, eti wa huyo huyo Kondo, tukawacheka. Mdomo gani wa mtu utoe sauti ile?

Hapo ndipo nikafanya kosa dogo. Jumapili ya sehemu ya mwisho, mchana, nikatuma voisi nikasema, "Huyo Kondo mnayemwongelea namjua vizuri, ni mtani wangu, nilisoma naye." Sasa, utani ulikuwa wa kweli: baba yake Kondo alikuwa Mzaramo aliyeletwa huku na kazi ya reli, na mimi ni Mnyamwezi. Kusoma naye pia kulikuwa kweli, ila yeye alikuwa madarasa mawili mbele, na mara ya mwisho kuonana tulikuwa bado tunanyolewa bure. Mama Zuwena hakunipa nafasi ya kupumua. "Maganga baba, si uende ukamuulize? Au hata familia yake, kama mwenyewe hayupo. Tunasikia walihamia Ntalikwa, wanalima. Leo sehemu ya mwisho, tunataka majibu."

Nikamwangalia Pili. Pili akaniangalia. "Hutatoka wewe," akasema, anamenya viazi. "Mtu anayetuma mtoto wa jirani dukani kwa sababu jua kali, leo aende Ntalikwa?"

Kama asingesema vile ningebaki. Nikavaa kofia yangu, nikaita pikipiki, nikahesabu kwamba nitauliza, nitajibiwa, nitarudi kabla tamthilia haijaanza. Tukapita viwandani, tukaacha lami, na huko mbele kidogo pikipiki ikaishiwa mafuta, dereva akaondoka na chupa kutafuta, mimi nikabaki kichakani nikilinda pikipiki isiyoweza kuibwa kwa sababu haiendi. Alipofika tena jua lilikuwa limeshaegemea upande wa Urambo na mimi nilikuwa najua kabisa kwamba wenzangu wameshakaa mbele ya televisheni wanatazama mwisho wa Asali Mbichi, na mimi nina vumbi mpaka kwenye nyusi.

Akanishusha njia panda, akanielekeza, "Nyumba ile yenye turubai."

Turubai?

Nikasogea. Na hapa naomba mnisikilize kwa haki, mniambie ninyi mngefikiri nini. Mbele ya nyumba kuna turubai la bluu. Chini yake watu wamekaa kwenye viti na mikeka, wengi, wametulia tuli, hakuna anayepiga soga. Wanawake wako upande mmoja, na wawili watatu wanafuta machozi na ncha za kanga. Na wote wameelekea meza iliyo barazani, na juu ya meza kuna kitu kimefunikwa nguo nyeupe pande zote, na mimi niliyetokea ubavuni mwa nyumba naona mgongo wake tu. Mimi ni fundi cherehani, nguo ile naijua hata gizani, ilikuwa marekani, ile ile iliyokuwa ikipita huku na misafara kwa marobota, na siku hizi mteja akija kununua marekani nyeupe kwa mita nyingi mimi humpa pole kabla hajafungua mdomo. Halafu kukawa na spika, na kwenye spika kinanda kinalia kwa huzuni, na sauti ya mwanamume inasema: "Kondo alikuwa mwenzetu. Tulianza naye tukiwa hatuna kitu. Ndugu yetu Kondo, hatutakusahau."

Wasifu wa marehemu! (Kinanda kilinitia shaka kidogo, maana Kondo ni Mwislamu, lakini nikajijibu kwamba nilisikia mkewe ni Mmoraviani, labda wamegawana ratiba.)

Hata hivyo sikuwa mjinga wa kutouliza. Pembeni ya turubai alikuwa anapita mama mmoja na sinia la karanga za kuchemsha, nikavua kofia, nikamwambia kwa sauti ya chini, "Poleni sana."

"Tumeshapoa, baba," akasema, kama anavyojibiwa mtu yeyote anayekukuta na kazi mkononi. "Karibu. Ndiyo wamefika kwa Kondo."

"Jamani. Mlikuwa naye muda mrefu?"

"Wiki zote hizi tuko naye, kila Jumapili tunajaa hapa. Leo ndiyo mwisho." Akashusha pumzi. "Mama yake, Bi Mwanahawa, yuko pale mbele, hajala tangu asubuhi."

Niambieni. Niambieni kama kuna neno moja hapo ambalo si la msibani.

Sasa kwa asiyeyajua mambo yetu, nieleze. Utani wetu na Wazaramo haukuanza jana, umetoka kwenye ile njia ya misafara, babu zetu wakishuka pwani na mizigo kichwani, babu zao wakipanda huku bara, wakitukanana njiani kupunguza uzito, wakiugulia njiani, wakizikana njiani. Ndiyo maana mpaka leo mtani akifika kwenye msiba ana kazi yake rasmi. Wengine wanalia, yeye anamsimanga marehemu, anamwigiza alivyokuwa akitembea, anaizuia maiti isitoke mpaka apewe chake (tunakiita hongo, kama ule ushuru wa njia uliolipwa na misafara), na wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka, na hakuna wa kukasirika. Mtani akikaa kimya msibani, hiyo ndiyo dharau. Na mimi nikatazama mle chini ya turubai, nikaona kumepoa mno, hakuna hata Mnyamwezi mmoja anayetimiza wajibu. Nikasema moyoni, Kondo ndugu yangu, hutazikwa mkavu hivi, na mimi nipo.

Nikageuza shati ndani nje. Nikachukua jivu kidogo kwenye jiko la yule mama, nikajipaka usoni. Nikapiga ukunga mmoja mrefu, nikaingia katikati mbio, macho yote kwa wafiwa, nikajitupa chini mbele ya ile meza, mgongo kwa "marehemu," uso kwa watu, mikono nimeitanua.

"Hatoki mtu hapa! Maiti ya Kizaramo haipiti Unyamwezi bila kulipa hongo! Babu zenu walipita na pembe zao tukawabebea mpaka shingo zikaingia mabegani, mkasema mtalipa mkirudi, hamkurudi! Leo nimemkamata mmoja!"

Watu wakanikodolea macho. Nikadhani wamezidiwa na uchungu. Nikaona mbele kabisa bibi mmoja mwembamba amenyoosha shingo, anajaribu kuona nyuma yangu, akipunga mkono kama mtu anayefukuza mbuzi. Nikajua ndiye Bi Mwanahawa, mama mzazi, na nikajua anahitaji kuchekeshwa. Nikaongeza.

"Kondo gani huyu mnamlilia? Huyu aliyeachwa na bendi stesheni kama gunia lisilo na tiketi? Kuimba hajui, kucheza hajui, kazi yake kukohoa tu!" Nikainuka nikaigiza kikohozi cha kwenye tamthilia, nikashikilia ukuta wa hewani, nikazungusha kiuno kama walivyokuwa wakizungusha Asali Mbichi. "Eti anajitapa alipiga honi ya treni! Honi ni kinanda! Wewe ulipiga ugali!"

"Baba, toka hapo," akasema mtu.

"Sitoki mpaka nilipwe!"

"Toka, unaziba!"

Naziba? Neno lile lilinigusa kidogo kichwani lakini mwili ulikuwa umeshaondoka, nilikuwa nimegeuka, nimeikamata ile marekani kwa mikono miwili ili nimkumbatie mtani wangu kwa mara ya mwisho, mguu ukajiviringisha kwenye waya, nikaanguka na shuka, na meza ikacheza, na upindo wa suruali ukasema raaa, na nilipofumbua macho nilikuwa nimelala chali nikitazama, juu ya meza, televisheni. Nyeusi. Imezimika. Ilikuwa imezungushiwa shuka kuzuia jua la jioni lisiipige kwenye kioo.

Na pale mstari wa mbele, pembeni ya mama yake, mwanamume mmoja aliyevaa msuli, kipara kimeanza kuingia, ana kiganja kimejaa karanga na moja imesimama katikati ya safari kwenda mdomoni, alikuwa ananitazama kwa makini kama mtu anayesoma jina la kituo akiwa ndani ya treni inayopita.

"Maganga?" akasema. "Maganga wa kidato cha kwanza, mwenye shati la wino?"

"Kondo," nikasema.

"Umekuja kumzika nani, mtani?"

Hapo ndipo turubai lilipopasuka kwa kicheko. Nawaambia watu walilala. Yule mama wa karanga aliweka sinia chini akakaa juu yake. Mimi nilikuwa nimejifunika lile shuka mpaka kidevuni, na kusema kweli kama wangelivuta mpaka juu na kunibeba ningewashukuru.

Ila Bi Mwanahawa hakucheka. "Wamefika kwenye mlio?" akauliza. "Kondo, wamesema? Sijasikia, huyu kichaa alikuwa anapiga kelele. Wamekutaja kwamba ni wewe?"

Kicheko kikapungua, kikaisha. Kondo akainuka akarudisha waya. Yule mama wa karanga, ambaye kumbe ndiye mkewe, akanieleza taratibu, bila hasira, na nilitamani angekuwa na hasira. Kwamba miaka yote tangu Kondo arudi amekuwa akiitwa mwongo. Kwamba kwenye harusi honi ikilia, Bi Mwanahawa husema "huyo ni mwanangu," na watu hucheka, wanamwita Mama Treni. Akiwa kwenye foleni ya kisima, Mama Treni. Msikitini, Mama Treni. Ndipo bibi akasema tamthilia itamaliza maneno, wenzake waliokuwapo studio watasema, na akawaita majirani wote waliomcheka waje wasikie kwa masikio yao, akaazima turubai na viti. Na dakika yenyewe iliyosubiriwa, mimi nilikuwa nimesimama mbele yake nikizungusha kiuno.

King'amuzi kikawaka. Kikaandika kinatafuta mawimbi. Kikatafuta, kikatafuta, watu wote tunakitazama kama mgonjwa anayetaka kusema neno, na picha iliporudi yalikuwa yanapanda majina ya waigizaji kwenye kiza, na "Shukia Usoke" ilikuwa imeshapita honi, iko kwenye kiitikio.

Na simu yangu ikaanza kutetemeka mfukoni.

Kundi. Wenzangu wote walikuwa wameona. Nikaitoa, mikono ina jivu, na watu wa karibu wakajisogeza. "Jamaniii mmeona???" "Kumbe!" "Mimi nilijua tangu mwanzo." "Hata mimi." Nani? Nini? Hakuna anayetaja (ndiyo ubaya wa maoni ya watazamaji, kila mtu anatoa maoni, hakuna anayetoa habari). Nikashusha, nikashusha, mpaka nikakuta maneno ya Mama Zuwena mwenyewe: "Maganga umeshinda baba. Wameonyesha wazi, kiongozi anabonyeza kinanda, honi inatoka. Kondo hata studio hakuwemo siku hiyo. Nimekubali."

Nilikuwa nimeshinda. Wiki nyingi nimebishana, nimetuma voisi mpaka koo limekauka, na sasa nimeshinda.

"Mjukuu wangu," Bi Mwanahawa akaniita. Alikuwa amesogea, ameshika mkono wa kiti changu (walikuwa wamenipa kiti, nadhani kwa huruma ya suruali). "Hao wa kwenye simu si wameona? Wanasemaje?"

Majirani wakanitazama. Kondo naye akanitazama, na nikaona ameshajua. Hakutikisa kichwa, hakukonyeza, aliendelea tu kumenya karanga ambayo haili. Na mimi, ambaye nilikuja mbio zote zile kuuliza swali moja, ghafla sikulihitaji tena kwa sababu nilimwangalia yule bibi, nikamwangalia yule mtu, nikajikuta sijui nani ananidanganya, tamthilia au wao, na njia ya kujua ilikuwa imekaa mbele yangu imevaa msuli.

"Wanabishana, bibi," nikasema. "Hawaelewani kabisa. Wanasema wanataka wasikie wenyewe." Nikabonyeza kitufe cha kurekodi, nikainyoosha simu kwa Kondo. "Mtani, lipa hongo."

Akacheka kidogo. Akatema ganda. Akasema, "Koo lenyewe la zamani hili." Mkewe akasema, "Wewe piga." Akainuka, akafunga msuli vizuri, akaweka viganja viwili mdomoni kama mtu anayetaka kunywa maji ya mto, akavuta pumzi.

Jamani.

Nimeisikia honi ile maisha yangu yote, lakini nilikuwa sijawahi kuwa karibu nayo. Ilianza chini, huko tumboni kwake, unaisikia kwenye mguu wa kiti kabla ya masikio. Ikapanda. Mbwa wa nyumba ya pili akaitika, na wa nyumba ya tatu, kuku wakakimbilia ndani, na watoto waliokuwa barabarani wakasimama pembeni kupisha, kweli, walipisha njia! Ikajaa turubai, na pale mwishoni ikakatika, pale pale inapokatika kwenye wimbo, kama kilio kimemkaba mtu, na akainama akakohoa, akakohoa tena, akacheka.

"Hicho ndicho kikohozi chao," akasema akijipiga kifua. "Prodyuza alinirudisha mara zisizo idadi. Rudia Kondo, rudia Kondo. Nikatema damu nikasema mimi narudi kwetu kulima. Hawakunifukuza. Wala sikufa."

Mzee mmoja, ambaye baadaye niliambiwa ndiye aliyebuni jina la Mama Treni, alikuwa anatazama miguu yake kwa bidii.

Nikaituma. Tukasubiri. Na majibu yakaanza kushuka, na Bi Mwanahawa akasema, "Soma, soma kwa sauti," nikasoma.

"Hiyo umerekodi kwenye televisheni, usitufanye wajinga."

"Ntalikwa huko kumepita treni? Mbona reli haifiki?"

"Maganga uko stesheni wewe, hukuenda popote."

Na Mama Zuwena: "Nimerudi kwenye msimamo wangu. Hiyo ni treni ya kweli kabisa."

Bi Mwanahawa akaketi vizuri. Akajifunga kanga upya, akawageukia majirani zake mmoja mmoja, bila haraka, mpaka akawamaliza. Kisha akanigusa goti.

"Mjibu huyo mama," akasema. "Mwambie hajakosea. Mwambie treni hiyo nimeizaa mimi."

Nikaandika hivyo hivyo. Kisha nikala karanga, nikala ugali na kisamvu, nikapewa sindano na uzi nikashona upindo wangu mbele za watu nikiwa nimejifunga ile marekani kiunoni, na nikarudi nyumbani nimechelewa, nikamkuta Pili mlangoni, na alichoniuliza kwanza ni, "Jivu la nini?" Sikumaliza hata nusu ya mkasa, alikuwa ameshalala chini kwa kicheko.

Marudio ya sehemu ya mwisho yalipita katikati ya wiki. Kule Ntalikwa hawakuyaona. Kondo hakulipia kifurushi, akamwambia mama yake king'amuzi kimeumia nilipokiangukia, kwa hiyo hilo nalo ninalibeba mimi. Nilipomuuliza kwenye simu alijuaje kwamba walisema kinanda, akanijibu, "Uso wako. Ulikuwa kama mtu aliyeshinda kesi akakuta mshtakiwa ni mama yake."

Akaniambia na jambo lingine. "Sasa mtani, maneno yote ya msibani kwangu umeshayamaliza. Siku nikifa kweli utasema nini?"

Nimelifikiria sana hilo swali. Nimeapa mambo mawili. La kwanza, nikiona turubai sivui kofia mpaka nimezunguka mbele nikahakikisha maiti ni maiti, na nikisikia "leo ndiyo mwisho" nitauliza mwisho wa nini. La pili, natafuta maneno mapya, na kwa hiyo sina budi kwenda Ntalikwa mara kwa mara, mimi mtu wa kochi, nikakae chini ya paa lake nimchunguze anavyokula, anavyogombana na mbuzi, anavyodanganya kuhusu mahindi yake, niwe na cha kusema siku ikifika.

Na yeye naye hanisahau. Kila Jumapili jioni, saa ile ile ya tamthilia, simu yangu inaita. Napokea, nasema halo. Hanisalimii, hasemi lolote. Nasikia pumzi ikivutwa, halafu treni inaanza kutokea mbali, na Pili kule jikoni anapaza sauti, "Mwambie tumesikia, bado hatumziki!"